Nani Atalipia Anga? Fundisho la Musoma kwa Matongo

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha fizikia karibu na Matongo, aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Nilikuwa nikimsimulia habari za majumba ya nyota, yale makuba ambamo mtambo hutupa mwanga darini na watoto wakaona mwendo wa sayari mchana kweupe. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, tukijengewa leo, mwaka wa tatu nani atanunua taa?"

Swali hilo ni la historia kabla ya kuwa la bajeti.

Mtambo wa kwanza wa aina hiyo uliundwa na kampuni ya Zeiss na kuonyeshwa Munich, Ujerumani, mwaka 1923. Hata hivyo, kilichoyaingiza majumba haya katika shule nyingi za Marekani ni hofu. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na fedha za serikali kuu zikasaidia wilaya za shule kujenga majumba yao. Hofu ikapoa. Fedha ya kujenga haikugeuka kuwa fedha ya kuendesha, na tangu hapo, kila bajeti inapobana, jumba la nyota ni miongoni mwa vitu vya kwanza kunyooshewa kidole.

Nasi tunalo fundisho letu, tena lilianzia mkoa huu huu wa Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na watoto wengi mno waliingia darasani kwa sababu yake. Lakini mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika; vita dhidi ya Idi Amin vikafuata, bei ya mafuta ikapanda, na mwaka 1986 Serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Uchangiaji wa gharama ukawa sera. Ada za shule za msingi hazikufutwa tena hadi mwaka 2001. Kuta za madarasa zilibaki zimesimama. Kilichopungua ni kile kinachofanya kuta ziitwe shule.

Tulirudia somo hilo Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Agizo lilikuwa sahihi. Ila kujenga maabara ni tukio lenye utepe wa kukata na mgeni rasmi. Kununua asidi na kumlipa fundi sanifu wa maabara hakuna utepe.

Turudi Matongo. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Wamiliki wamepokezana, kutoka Placer Dome hadi Barrick, kisha jina la Acacia, kisha Barrick tena. Sheria inaipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato ghafi ya kampuni, na marekebisho ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa kuihudumia jamii. Hapa, basi, hatuwezi kujificha nyuma ya neno umaskini. Tunapaswa kuzungumzia vipaumbele.

Mwanaharakati ataniuliza: watu wanadai fidia, ardhi na maji safi, nawe unaleta nyota? Namheshimu, na sisemi nyota zitangulie maji. Namkumbusha tu mwaka 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodini na kuingia mto Tigithe. Mjadala uligeuka kuwa mabishano ya vipimo: nani kapima, kapima wapi, kapata nini. Kijiji kisicho na vijana waliozoea kutazama, kupima na kuandika walichokiona hubaki kusubiri wageni wakisomee hali ya mto wake. Mazoea hayo hayazaliwi siku ya maafa.

Wala hatuhitaji kuanza na jengo. Nchini Kenya, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope hupeleka kuba la kujazwa upepo na darubini mashuleni. Kuba moja la namna hiyo linaweza kuzunguka shule za Tarime na Serengeti. Anga lenyewe tumepewa bure: tuko karibu na ikweta, tunaona nyota za kaskazini na za kusini, na Kilimia, ambacho jina lake lenyewe linatukumbusha kuwa wakulima walikisoma kabla ya kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo nimemjibu mwalimu yule hivi: usiombe jumba, omba kifungu. Watumishi wa halmashauri mnaonisoma mnajua tofauti yake. Kifungu cha uendeshaji, kilichoandikwa kwenye bajeti ya kila mwaka kwa jina lake, ndicho hununua taa ya mwaka wa tatu. Na siku mtu atakapotaka kukifuta, atalazimika kusimama mbele ya madiwani na kusema anafuta nini.