Trela la kambi Kwale: Yafaayo kutayarishwa kabla ya safari ya kwanza

MTU anayenunua au kukodi trela la kupigia kambi kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kufikiria godoro, jiko na taa. Hayo yangefaa kuwa ya mwisho. Swali la kwanza ni iwapo gari lake lina uwezo wa kulivuta trela hilo na, muhimu zaidi, uwezo wa kulisimamisha.

Matrela ya aina hii bado ni machache nchini Kenya. Mengi ni madogo, yenye gurudumu moja kila upande, hema lililokunjwa juu na sanduku la vyombo chini. Yako pia yaliyoundwa na mafundi wa mitaani kutokana na trela la kawaida la mizigo. Liwe la bei ghali au la kujitengenezea, kanuni za barabarani ni zile zile.

Kijitabu cha gari hueleza uzani ambao gari linaruhusiwa kukokota. Kiasi hicho ni cha trela pamoja na kila kitu kilichomo, wala si trela likiwa tupu. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, hasa kwa sababu ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Familia ya watu watano itakayokaa siku mbili, ikitumia maji kwa kubana, lita 10 kwa kila mtu kwa siku, huhitaji mitungi mitano ya lita 20. Hizo ni kilo 100 kabla ya kupakia sufuria hata moja.

Namna ya kupakia nayo ina uzito wake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzani wote wa trela inapaswa kukalia ndoano ya kukokotea. Vizito kama maji, betri na mtungi wa gesi hukaa juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, chini kabisa, vikiwa vimefungwa kamba. Vikirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia mara gari linaposhika kasi, na linaweza kuligeuza gari lenyewe. Likiyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta polepole na kuushika usukani ukiwa umenyooka. Kukanyaga breki kwa ghafla ndilo kosa linaloangusha watu.

Trela husajiliwa peke yake, na katika Kenya nambari yake huanza kwa herufi Z. Mwenye gari aulize kampuni yake ya bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inalihusu trela pia, badala ya kulijua jibu siku ya ajali.

Kabla ya kuondoka, mambo machache hukaguliwa kwa mkono wala si kwa macho tu. Ndoano imejifunga sawasawa. Minyororo miwili ya usalama imepishana chini yake. Taa za breki na za kuashiria za trela zinawaka pamoja na za gari. Matairi ya trela huzeeka yakiwa yamesimama, hivyo tairi lenye nyufa halifai hata kama kashata zake ni mpya. Gurudumu la akiba liwe la trela, kwani mara nyingi la gari halilingani nalo, na jeki ijaribiwe nyumbani kama inafika chini ya trela hilo.

Beringi za magurudumu zinataka grisi mpya. Baada ya kilomita 20 hivi za mwanzo dereva asimame mahali salama na kusogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa na joto kali kuliko vingine, safari isiendelee.

FERI AU DONGO KUNDU

Anayetoka Mombasa kuelekea Diani au Msambweni ana njia mbili. Ya zamani ni kivuko cha Likoni. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, inayoiacha barabara kuu ya Nairobi upande wa Miritini na kuibukia Kusini mwa Likoni baada ya kupita madaraja ya Mwache na Mteza.

Kwa mwenye trela, na hasa asiyelizoea, makala haya yanapendekeza Dongo Kundu bila kusita. Maji yanapokupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali zaidi na sehemu ya nyuma ya trela huweza kukwaruza. Isitoshe, kivukoni dereva huongozwa katikati ya umati, akisimama na kuondoka mlimani, na pengine kutakiwa arudi nyuma.

Septemba 29, 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee katikati ya kivuko na kuzama, mama na bintiye wakafariki. Anayelazimika kutumia feri avute breki ya mkono kikamilifu, aache gari katika gia, na awe na kabari za magurudumu karibu na mkono. Abiria washuke na kuvuka kwa miguu, kama ilivyo desturi.

Kurudi nyuma na trela ni somo linalofaa kusomwa kwenye uwanja mtupu. Ukitaka trela liende kushoto, usukani huzungushwa kulia, kidogo kidogo. Saa moja ya mazoezi huokoa aibu nyingi.

Anayepanda kwenda mji wa Kwale kupitia Kombani akumbuke kwamba atateremka pia. Wakati wa kuteremka, gia ya chini ndiyo inayozuia gari na trela. Breki zikishikwa mfululizo hupata joto na kulegea.

PAHALA PA KULALA

Msimu huamua mengi. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, kuna joto na mvua chache. Kusi huanza mwezi Aprili pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Pwani. Barabara za udongo za kuingia Tiwi, vijiji vya Msambweni na ndani ya Shimba Hills hazimfai mgeni mwenye trela wakati huo.

Mchanga mweupe ulio karibu na maji huvutia macho na kumeza magurudumu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika ufuo huu hupita mita 3. Msafiri autafute mstari wa majani makavu ya mwani ulioachwa na maji, kisha akae juu zaidi ya hapo, kwenye ardhi ngumu. Jambo bora ni kumwuliza mvuvi, ambaye huzijua saa za maji bila kutazama kitabu.

Kivuli cha mnazi nacho ni mtego. Nazi moja huweza kupasua paa la hema, na kichwa cha aliyelala ndani. Mvinje au mkanju una heri.

Kila ardhi ina mwenyewe. Pahala pasipo kambi rasmi, ruhusa huombwa kwa mwenye shamba na kwa wazee wa kijiji, na kwenye bandari za wavuvi kwa kamati yao. Misitu ya kaya, kama Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, ni mahali patakatifu pa Wadigo na haipigiwi kambi. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Katika Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotengwa mwaka 1968 na yenye tembo pamoja na palahala, hema hupigwa sehemu zilizotengwa na shirika la wanyamapori, KWS, pekee. Malipo yake hufanywa kwa njia za kielektroniki, kwa hivyo yakamilishwe mahali penye mtandao wa simu. Trela liachwe kambini na gari pekee litumike kuwatazama wanyama.

Hatari ya Diani ni ndogo zaidi lakini ni ya kila siku. Tumbili, kima na nyani wamezoea watu na hufungua zipu za hema bila taabu. Chakula chote kiwekwe kwenye sanduku la bati lenye kufuli au ndani ya gari. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, hawana mazoea hayo, ila nao wasipewe chakula.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo. Mitungi mikubwa, vikombe vya bati na vikapu vya ukili, vinavyopatikana tele Ukunda, hutosha. Ukunda ndiko pia pa kujaza gesi na kununua vyakula kabla ya kuelekea Msambweni.

Jiko, liwe la gesi au la makaa, halitumiwi wala kuachwa ndani ya hema au trela lililofungwa, hata kukinyesha. Makaa yanayoonekana kufifia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Hili halina mjadala.

Vyandarua vilivyotiwa dawa ni lazima, kimoja kwa kila kitanda. Pwani ni eneo la malaria mwaka mzima, na wanaotoka Nairobi na nyanda za juu hawana kinga. Wamwone daktari kabla ya safari, na mwenye homa asingoje kurudi nyumbani. Iko hospitali ya rufaa ya kaunti papo hapo Msambweni.

Kabla ya yote haya, trela likeshwe usiku mmoja nyumbani, uani, familia nzima ikilala humo na kupika bila kuingia ndani ya nyumba kuchukua chochote. Kila kitakachokosekana usiku huo kiandikwe. Kila ambacho hakikuguswa kishushwe, kwani ni mzigo tu.

Mara msafiri anaporudi, kazi moja hubaki. Chumvi ya baharini hula chuma kimyakimya. Trela lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, chini na ndani ya magurudumu, soketi ya waya wa taa ikaushwe, kisha ndoano na beringi zipakwe grisi kabla halijafunikwa.