Rejista ya Simu na Msomaji Wake

Septemba 2009, waandishi wa habari watatu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wote wanawake, walitumiwa SMS za kuwatishia kifo. Mji ulikuwa bado na kidonda: mwandishi Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Juni 2007, mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008. Katika mji wa namna hiyo, hoja kwamba kila laini ijulikane ni ya nani haikuhitaji mtetezi. Wala sheria hazikukosekana. Tangu Oktoba 2002 Kongo ina ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kilichokosekana ni mtu wa kumsimamia msimamizi, na hilo lilionekana Septemba 2020 ilipoanza rejista ya vyombo vya simu iitwayo RAM. Safari hii kilichoandikishwa si laini, bali chombo chenyewe, kwa namba yake ya utambulisho, IMEI, na sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: kupambana na wizi na simu bandia. Lakini mwenye simu ya 2G alitozwa dola 1 kwa mwaka, mwenye 3G au 4G dola 7, zikikatwa kwenye yuniti zake bila kuulizwa, na makarani wa kukata wakiwa kampuni zilezile alizoziamini. Kwa mchuuzi wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, hiyo haikuwa hela ndogo. Vijana wa vuguvugu la LUCHA walipinga, wabunge wakamhoji Waziri Augustin Kibassa Maliba mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 makato yakafutwa.

Wapo watakaosema kosa lilikuwa tozo, si rejista. Sikubali. Mkono unaoweza kuchota yuniti bila idhini unaweza pia kusoma namba bila idhini. Tena Bukavu iko mpakani: laini ya Rwanda hununuliwa ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa hiyo mwenye nia mbaya ana njia ya kuikwepa rejista, na anayebaki ndani yake ni raia mtiifu. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini. Watu waliotoa taarifa zao chini ya utawala mmoja wakajikuta chini ya mwingine. Sheria ya dijitali ya Machi 2023 inazungumzia ulinzi wa taarifa binafsi, lakini karatasi haimzuii mwenye bunduki. Taarifa pekee isiyoweza kunyang'anywa ni ile ambayo haikukusanywa. Basi kampuni zihifadhi kidogo, kwa muda mfupi, na kila ombi la kujua mwenye namba lipitie kwanza kwa hakimu.