Sanduku Moja, Mikono Mingi: Barua za Kedowa

Kabla ya simu za mkononi, mtu wa Kedowa, katika Kaunti ya Kericho, aliyetaka kuandikiwa barua aliazima sanduku. Kenya haina mazoea ya tarishi kupita nyumba kwa nyumba. Barua huishia posta, ndani ya kisanduku chenye namba na kufuli, na si kila mkulima alimudu ada yake. Kwa hiyo bahasha iliandikwa jina la mtu, kisha "kupitia kwa" shule au kanisa fulani, halafu S.L.P. na mji: Londiani, Kipkelion, Kericho.

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupita ukanda huu, na kwa miaka mingi mifuko ya barua ilisafiri kwa treni. Kutoka posta, zilizosalia zilikuwa hatua za miguu. Mwalimu alifungua sanduku la shule, akarudi na fungu lake, majina yakasomwa gwarideni, na mtoto akambebea jirani barua ndani ya daftari. Barua ya kuitwa kazini ingeweza kufika baada ya siku ya usaili. Aliyeishika njiani hakujulikana.

Hata hivyo barua ya karatasi ilikuwa na ushahidi wake. Mtu akihama, anwani ya zamani ilikatwa kwa kalamu, mpya ikaandikwa pembeni, na bahasha ikapigwa mhuri mwingine. Mpokeaji aliisoma safari yote pale pale juu ya bahasha.

Mwaka 1999 shirika la posta na simu liligawanywa, Posta ikabaki peke yake, na miaka iliyofuata ofisi zikahamia kwenye barua pepe. Desturi ya sanduku la pamoja ikahama nazo: anwani moja ya ofisi, watumiaji kadhaa. Lakini mhuri haukuhama. Mtumiaji mmoja, au mwizi aliyeiba nywila, akiweka kanuni ya kupeleka nakala kwingine, barua inabaki katika kikasha kilekile huku pacha wake ameshaondoka. Hapo ndipo hatari ilipo kwa ofisi inayopokea ankara na namba za benki.

Wizi ukigunduliwa, wengi hukimbilia kubadilisha nywila. Haitoshi, kwa sababu kanuni iliyokwisha kuwekwa huendelea kufanya kazi. Lazima zikaguliwe kanuni za kikasha chenyewe, mpangilio wa kupeleka barua ulio upande wa msimamizi, kanuni za mfumo mzima, na vikasha binafsi vya kila anayeruhusiwa kuingia. Hivyo vya mwisho husahauliwa mno. Mwaka 2020 Microsoft ilianza kuzuia, bila kusubiri kuombwa, barua zinazojipeleka zenyewe nje ya shirika.

Bunge la Kenya lilikuwa limetangulia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtia hatiani anayepotosha makusudi ujumbe wa kielektroniki, na pia anayeficha ujumbe uliomfikia kimakosa ilhali ulipaswa kumfikia mwingine.