Krismasi ya Karoti

Sukari gramu 225. Siagi gramu 50. Majani chai gramu 50. Bekoni gramu 100. Yai moja, kama lipo. Huo ndio uliokuwa mgao wa kawaida wa mtu mzima nchini Uingereza, kwa wiki nzima, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Viwango vilipanda na kushuka, lakini si kwa mbali. Sasa ongeza baridi ya Desemba, jua linalozama kabla ya saa kumi jioni, na madirisha yaliyozibwa kwa mapazia meusi ili rubani wa Ujerumani asione hata mwali wa mshumaa. Ongeza watoto watatu wanaouliza Krismasi itakuwaje. Haya mama, pika.

Tumezoea kusimuliwa vita kwa vifaru na majenerali. Lakini vita hivyo vilipiganwa pia jikoni, kwa mwiko na mkasi, na historia ya jikoni hizo inatuhusu sisi ambao kila bajeti ikisomwa tunaambiwa tukaze mkanda.

Kwanza, chakula kilienda wapi? Kilikuwa baharini. Kabla ya vita Uingereza iliagiza kutoka nje takriban tani milioni 20 za chakula kwa mwaka: sukari, jibini, ngano, matunda, vyote kwa meli. Vita vilipoanza Septemba 1939, nyambizi za Ujerumani zikaanza kuzizamisha. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ikaanza kugawa kwa kipimo: bekoni, siagi na sukari kwanza. Nyama ikafuata mwezi Machi, majani chai Julai, nguo Juni 1941, peremende Julai 1942.

Kila mtu alipewa kijitabu cha mgao, hata mtoto mchanga. Ulijiandikisha kwa mwenye duka mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa wako, hakuna kurukaruka. Anakata kuponi, halafu unalipa. Ndiyo, unalipa. Mgao haukuwa msaada wa bure. Ulikuwa ruhusa ya kununua kwa bei iliyodhibitiwa, ili mwenye pesa asifagie rafu yote kabla mwenye senti chache hajafika.

Aliyekabidhiwa kazi ya kuwauzia watu mpango huu alikuwa Lord Woolton, Waziri wa Chakula kuanzia Aprili 1940. Alitoka kwenye biashara ya maduka makubwa na alijua kwamba mnunuzi hapendi kufokewa. Wizara yake ikaingia redioni: asubuhi asubuhi BBC ilirusha kipindi kifupi, The Kitchen Front, chenye mapishi na vichekesho. Ikachora vibonzo vya Potato Pete na Doctor Carrot, kwa sababu viazi na karoti vililimwa pale pale nyumbani na havikuhitaji meli. Pai ya mboga tupu iliyobuniwa na mpishi wa hoteli ya Savoy ikapewa jina la waziri mwenyewe. Watu waliila, na waliicheka.

Bata ambaye si bata

Krismasi ya Mwingereza ilikuwa na sheria zake: bata bukini au bata mzinga aliyeokwa, pudingi nzito ya matunda makavu, keki iliyovishwa sukari nyeupe. Karibu kila kitu hapo kilikuwa kwenye mgao au hakikuwepo kabisa. Basi wapishi wakafanya kile ambacho kila nyumba ya kipato kidogo duniani inakijua: wakaiga.

Bata wa kuiga alipikwa hivi. Unakata viazi vipande vyembamba, unavipanga tabaka kwa tabaka pamoja na matofaa na jibini kidogo, unanyunyiza majani makavu ya kunukia, unaoka. Nyumba nyingine zilitumia kamande zilizopondwa na mkate uliofikichwa. Bata hayuko popote. Kilichobaki chake ni yale majani, maana ndiyo yaliyopikwa naye siku za neema, na pua ikishadanganyika ulimi hufuata.

Lozi za kufunika keki ziliadimika, hivyo unga wa soya ulikandwa na majarini, sukari na matone ya ladha ya lozi. Krimu ilikuwa wanga wa mahindi, maziwa, majarini na sukari kiduchu, unapiga mpaka mkono unachoka. Pudingi ilipata utamu wake kutoka kwa karoti zilizokunwa. Na ndizi je? Serikali ilisimamisha kuziingiza mwishoni mwa 1940, kwa hiyo watu wakachemsha parsnip, mzizi mweupe wa ukoo wa karoti, wakauponda na ladha ya ndizi ya kwenye chupa na kuupaka kwenye mkate. Meli ya kwanza ya ndizi baada ya vita ilifika mwisho kabisa wa Desemba 1945, na kulikuwa na watoto wa shule ambao hawakujua ndizi inamenywaje. Mwambie hayo mtu wa Kisii uone kama ataamini.

Keki ilikuwa kesi nyingine. Agosti 1940 serikali ilipiga marufuku kupaka keki sukari kwa nje. Kwenye harusi ukazuka ujanja: kifuniko cha kadibodi, cheupe, kirefu, kinachopendeza kwenye picha, na chini yake kikeki cha kila mtu kuonja kidogo tu.

Maandalizi yalianza miezi kabla. Kopo la matunda makavu lilifichwa nyuma ya kabati na ole wake atakayeligusa. Ndugu waliunganisha sukari zao. Waliokuwa na uga walifuga kuku na sungura. Majirani waliunda vyama vya nguruwe, wakamlisha mabaki ya jikoni ili wagawane nyama.

Mkasi, gundi na sweta kuukuu

Karatasi nayo iliadimika. Maduka yalikatazwa kufunga bidhaa nyingi kwa karatasi, kwa hiyo zawadi ya kufungwa kwa mbwembwe ikasahaulika. Mapambo yalitengenezwa nyumbani: magazeti ya zamani yaliyopakwa rangi, yakakatwa vipande na kuunganishwa kwa gundi ya unga kuwa minyororo ya kutundika ukutani. Matawi ya kijani kutoka vichakani yalichovywa kwenye chumvi ya Epsom, ile ile ya kuendesha tumbo. Yakikauka yanametameta kama yameangukiwa na theluji. Mbinu hiyo ilitolewa na wizara yenyewe.

Zawadi zilikuwa za mkono pia. Sweta lililochakaa lilifumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyooshwa, ukafumwa upya kuwa glavu au soksi. Mabaki ya mbao yakawa treni, mabaki ya vitambaa yakawa mdoli. Wizara nyingine ikachapisha kijitabu mwaka 1943 cha kufundisha watu kutia viraka na kugeuza nguo, Make Do and Mend.

Inapendeza kusoma. Ukitazama picha za zamani utadhani kila mtu alikuwa anatabasamu akikuna karoti. Lakini hebu tuulize: saa za kazi hiyo zilitoka wapi? Desemba 1941 sheria iliruhusu wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30 waitwe kwenye utumishi wa vita, na walioolewa nao waliingia viwandani kwa wingi. Mwanamke alitoka zamu, akapanga foleni dukani, akarudi kufumua sweta usiku. Serikali ilihesabu gramu za siagi kwa umakini mkubwa. Saa za huyo mama hakuna aliyezihesabu.

Mkanda wa nani?

Kwa nini basi watu walivumilia? Jibu moja ni hofu ya Hitler. Jingine ni kwamba walio wengi waliamini mzigo unabebwa na wote. Mfalme George wa Sita alikuwa na kijitabu cha mgao. Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alipolala Buckingham Palace mwaka 1942 alikuta chakula kile kile cha vita, ingawa kiliandaliwa kwenye sahani za dhahabu na fedha. Sahani hizo zinakuambia usawa ulifika wapi na ukakomea wapi.

Wenye nacho walikuwa na mlango wa nyuma: chakula cha hotelini hakikukatwa kuponi. Wananchi walinung'unika, na Juni 1942 serikali ikaweka kikomo: mlo usizidi shilingi 5 na usizidi sahani tatu. Hoteli kubwa zilipata njia za kutoza zaidi, na soko la magendo halikufa. Hata hivyo, kwa maskini wengi mgao ulikuwa bora kuliko walichokula kabla ya vita. Watoto walipewa maziwa, maji ya machungwa na mafuta ya samaki, na vita vilipoisha vifo vya watoto wachanga vilikuwa vichache kuliko vilipoanza.

Ila usawa huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa ufukwe. Mwaka 1942 mvua zilikosekana Kenya. Serikali ya kikoloni ilianzisha Maize Control, na mahindi ya mlowezi yakalipiwa bei nzuri kuliko ya mkulima Mwafrika. Vijana walikuwa jeshini kwa makumi ya maelfu. Wengine walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi na ya katani. Njaa iliyofuata mwaka 1943 Wakikuyu waliiita ya mianga, yaani ya mihogo. Mwaka huo huo huko Bengal, koloni la Mfalme yule yule mwenye kijitabu cha mgao, njaa iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 3. Wao Lord Woolton hakuwa waziri wao.

Mgao haukuisha na vita. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kipimo hata wakati wa mabomu, uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi 1948. Nyama ilikuwa ya mwisho kuachiliwa, tarehe 4 Julai 1954. Waingereza wakasherehekea. Hapa kwetu, mwezi uliotangulia, serikali yao ilikuwa imeamua kuwahamishia watu wa Mkoa wa Kati kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, ambako chakula kilidhibitiwa kwa sababu tofauti kabisa: kumnyima mpiganaji wa Mau Mau. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa humo.

Kwa hiyo tukiambiwa tukaze mkanda, maswali ni yale yale ya 1940. Kipimo ni kimoja kwa wote? Hoteli ya mkubwa ina kikomo? Nani anapanga foleni baada ya zamu? Kumpika bata kwa viazi si aibu. Shosho zetu wamefanya maajabu makubwa kuliko hayo kwa sufuria moja. Aibu ni kumhubiria jirani utamu wa viazi huku bata mwenyewe yuko kwenye oveni yako.