Kabwe, Zambia: Jinsi bakteria wanavyoweza kuifunga sumu ya risasi

Mji wa Kabwe, makao makuu ya Mkoa wa Kati nchini Zambia, ungali unabeba mzigo wa mgodi uliofungwa mwaka 1994. Mgodi huo wa madini ya risasi na zinki, uliojulikana enzi za ukoloni kwa jina la Broken Hill, ulianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mabaki yake yamerundikana karibu na makazi, na wakati wa kiangazi upepo hupeperusha vumbi lake hadi majumbani.

Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, ambao hucheza mchangani kisha wakatia mikono vinywani. Risasi hudhuru ubongo na kupunguza uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Ugumu wa kusafisha ni kwamba metali haiozi. Mafuta yaliyomwagika huweza kuliwa na vijidudu yakaisha, risasi haiishi. Inaweza tu kuhamishwa, au kufungwa mahali ilipo isisambae. Hapo ndipo bakteria wanapofaa.

Bakteria wengi huishi pamoja katika utando unaonata, kama ule unaoteleza juu ya mawe ya mtoni. Ute wa utando huo huvuta chembe za metali zilizoyeyuka majini na kuzishika. Nchini Marekani, mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimboni South Dakota, ulianza kutumia njia hiyo mwaka 1984. Utando uliota juu ya magurudumu makubwa yanayozunguka majini. Bakteria waliivunja sumu ya sianidi, na utando ukanasa metali kabla ya maji kurudishwa kijitoni.

Kwa Kabwe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani na wenzao wa Zambia walichunguza bakteria aina ya Oceanobacillus profundus, waliopatikana katika mgodi huohuo na wanaostahimili risasi. Majaribio ya maabara yalionyesha kuwa wananasa risasi na zinki majini. Zaidi ya hayo, wakipewa urea na kalisi, hutengeneza madini yanayofanana na chokaa, ambayo huunganisha chembe za mchanga kuwa tabaka gumu. Lengo ni kuyafunika mabaki ya mgodi kwa tabaka hilo ili vumbi lisipeperuke.

Njia hiyo ina mipaka. Urea ikivunjwa hutoa amonia, ambayo nayo yapaswa kudhibitiwa. Tabaka la chokaa huyeyushwa na asidi. Na utando ulioshiba metali usipoondolewa na kuhifadhiwa salama, sumu hurudi majini. Aidha, kuyafunika mabaki hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia katika udongo wa nyumbani wala katika damu ya watoto. Kusafisha makazi na kuwatibu walioathirika kungali kazi ya binadamu.