Jifya la Tatu: Historia ya Taji la Watu Watatu

  Tafadhali sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu yake, kwa maana leo tutasoma historia, na ndani ya historia hiyo tutafanya na hesabu kidogo ya kujumlisha.

Wazee wetu walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ni lile jiwe la jikoni ambalo wengi wetu huliita figa. Kila mama anayenisikiliza anajua ya kuwa hata mafiga mawili hayatoshi. Ukiweka chungu juu ya mawili, mchuzi utamwagika motoni. Ni lile la tatu linalokifanya chungu kitulie.

Nina sababu ya kuanza na mafiga. Siku moja nilitembelea darasa moja la kisomo. Nyuma kabisa alikaa baba mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye alisoma silabi moja moja huku jasho likimtoka. Darasa lilipokwisha alinifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini: "Bwana, mimi nataka kuacha. Nawachelewesha wenzangu." Nilimjibu maneno mawili matatu ya kumtuliza, lakini moyoni nilijua kwamba sikumjibu sawasawa. Somo la leo ndilo jibu langu kwake, na kwa kila mtu anayejiona ni wa mwisho.

Basi, tuanze. Wengi wetu tunajua taji la mtu mmoja, kama bondia bingwa anayevaa mkanda kiunoni. Tunajua pia kombe la timu ya watu kumi na mmoja. Leo tutasoma habari za taji linaloshikwa na watu watatu kwa pamoja. Ni taji la timu katika mbio za dunia za nusu marathoni.

Nusu marathoni ni mbio za kilomita 21 na mita 97 na nusu. Ukikimbia katika uwanja wa riadha wenye mzunguko wa mita 400, itakubidi uzunguke karibu mara 53. Katika mashindano haya kila nchi huweza kupeleka wakimbiaji zaidi ya watatu. Mtu wa kwanza kufika hupata nishani yake ya dhahabu. Lakini waamuzi hufanya na kazi ya pili. Huchukua muda wa wakimbiaji watatu wa kila nchi waliotangulia wenzao, wakaujumlisha. Nchi yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo hutwaa taji la timu. Nchi ambayo ni watu wawili tu waliomaliza, haihesabiwi kabisa.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme Kinondoni na Temeke wanashindana. Hii ni mbio ya mfano tu, msigombane! Mkimbiaji wa kwanza wa Kinondoni atumia dakika 60, wa pili 62, na wa tatu 70. Wakimbiaji wa Temeke watumia dakika 63, 63 na 64. Nani kashinda? Mwalimu, wape muda wajumlishe.

Haya. Kinondoni wana dakika 192. Temeke wana dakika 190. Taji linakwenda Temeke, ingawa wakimbiaji wawili wa Kinondoni walifika kabla ya kila mtu wa Temeke! Kinondoni walimsahau mtu wao wa tatu. Kama wangalimfundisha vema akapunguza dakika tatu tu, akatumia 67, jumla yao ingalikuwa 189, nao wangalishinda. Mwenye kukimbia kwa dakika 60 hawezi kupunguza dakika tatu kwa urahisi, maana amekwisha fika karibu na mwisho wa nguvu za mwanadamu. Yule wa 70 ndiye mwenye nafasi. Shikeni neno hili, tutalirudia.

Wazo la kukimbia kwa pamoja halikuanza jana. Huko Japani, mwaka 1917, palifanyika mbio ndefu kutoka mji wa kale wa Kyoto hadi Tokyo, kwa kuadhimisha miaka 50 tangu Tokyo kufanywa mji mkuu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, ambayo ni ndefu kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hapana mtu mmoja awezaye kuikimbia safari hiyo yote kwa kasi. Kwa hiyo watu walipokezana. Kila mkimbiaji alimaliza sehemu yake, akampa mwenzake nafasi ya kuendelea. Mbio za namna hii Wajapani huziita ekideni. Anayekimbia huvaa mshipi wa kitambaa begani, na afikapo mwisho wa sehemu yake huuvua na kumvisha mwenzake. Vijana wengi wa Kenya wamekwenda Japani kusoma na kufanya kazi, wakauvaa mshipi huo.

Ilikuwa pia huko Japani, katika mji wa Hiroshima mwaka 1985, ambako Afrika Mashariki ilionyesha nguvu za watu watatu. Palifanyika mashindano ya Kombe la Dunia la marathoni, mbio nzima ya kilomita 42. Mshindi alikuwa Ahmed Salah wa Jibuti, na mwenzake Djama Robleh alikuwa wa tatu. Jibuti ni nchi ndogo sana kwenye pembe ya Bahari ya Shamu, nayo ilikuwa na miaka minane tu tangu kupata uhuru mwaka 1977. Lakini muda wa watu wake ulipojumlishwa, nchi hiyo ndogo iliwapita hata wenyeji, Wajapani. Ukubwa wa nchi haukuhesabiwa. Waliohesabiwa ni watu watatu waliofika.

Mashindano ya dunia ya nusu marathoni yenyewe yalianza mwaka 1992, katika mji wa Newcastle, Uingereza. Benson Masya wa Kenya alikuwa wa kwanza, na taji la timu la wanaume lilikwenda Kenya. Kenya wakalishika mwaka 1993, na 1994, na 1995. Watu wakaanza kudhani kwamba taji hilo limejengewa nyumba Nairobi. Ndipo mwaka 1996, huko Palma, Hispania, Waitalia walipolichukua.

Sasa sikilizeni mambo ya mwaka 1998. Mashindano yalifanyika Uster, katika nchi ya Uswisi. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mkenya, Paul Koech. Lakini muda ulipojumlishwa, taji la timu lilikwenda Afrika Kusini. Mwaka uliofuata, huko Palermo, Italia, mambo yakawa yale yale. Paul Tergat wa Kenya alishinda mbio, na Afrika Kusini wakatwaa taji. Kumbukeni kwamba Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa michezo ya dunia kwa miaka mingi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ikarudi katika michezo ya Olimpiki mwaka 1992 tu. Waliorudi nyuma ya wengine waliwashinda wenye mabingwa, kwa kuwa walifika wakiwa pamoja.

Na sisi Watanzania je? Sisi nasi tumo katika historia hii. Fabiano Joseph alipata nishani ya fedha mwaka 2003 huko Ureno, akapata nyingine ya fedha mwaka 2004 huko New Delhi, India. Hakukata tamaa. Mwaka 2005, huko Edmonton, Kanada, alifika wa kwanza akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Hilo ni jambo la kujivunia, na watoto wetu walijue. Lakini taji la timu mwaka huo lilikwenda Ethiopia. Tulikuwa na jifya zuri kuliko yote, na chungu kikapikwa kwa jirani.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Eritrea. Nchi hiyo ilipata uhuru mwaka 1993. Ilikuwa na mkimbiaji hodari sana, Zersenay Tadese. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2006, na 2007, na 2008, na 2009, kisha tena mwaka 2012. Mara tano! Lakini katika miaka hiyo yote taji la timu halikwenda Eritrea. Mtu mmoja alikuwa mbele ya dunia nzima, wala hakuweza kuliinua taji peke yake.

Ulipofika mwaka 2014, mashindano yalifanyika Copenhagen, Denmark. Safari hii Zersenay hakushinda. Mshindi alikuwa Geoffrey Kamworor wa Kenya. Mwenzake Zersenay, Samuel Tsegay, alikuwa wa pili. Zersenay mwenyewe hakupata nishani yoyote ya mtu mmoja mmoja. Lakini jumla ya watu watatu wa Eritrea ilikuwa ndogo kuliko ya nchi yoyote. Taji la timu likaenda Eritrea. Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Katika mwaka ambao bingwa wao hakupanda jukwaani kwa ajili yake mwenyewe, ndipo alipopanda pamoja na wenzake wakiwa mabingwa wa dunia.

Mwaka 2020, huko Gdynia, Poland, kijana wa Uganda, Jacob Kiplimo, alishinda kwa dakika 58 na sekunde 49. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Taji la timu lilikwenda Kenya. Na mwaka 2023, katika mji wa Riga, Latvia, Wakenya watatu walifika wa kwanza, wa pili na wa tatu katika mbio za wanaume, na Wakenya wengine watatu wakafanya vivyo hivyo katika mbio za wanawake. Mwaka huo mafiga yote matatu yalikuwa sawa kwa urefu.

Huenda mtu akauliza: "Je, kama mimi siwezi kukimbia tena, kuna faida gani kufika?" Jibu la swali hili alilitoa Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 alikwenda Mexico kukimbia marathoni katika michezo ya Olimpiki. Njiani alianguka, akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha fika zaidi ya saa nzima kabla yake. Akhwari aliendelea, mguu umefungwa bendeji, hata akaingia uwanjani usiku, akamaliza. Alikuwa wa mwisho. Siku ile hapakuwa na jumla ya watu watatu iliyomngoja. Lakini mtu mwenye moyo kama ule ndiye anayehitajiwa na kila timu, kwa sababu ya ile sheria tuliyoisoma: wakifika wawili tu, nchi haihesabiwi.

Miaka 57 baadaye, mwezi wa Septemba 2025, Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo. Yeye na mtu wa pili waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao haikufika hata sekunde moja. Basi kila mtu asidharau hatua yake, hata iwe ndogo.

Sasa narudi kwa ndugu yangu fundi wa baiskeli. Bwana, nakuomba radhi, siku ile sikukujibu vema. Leo nakujibu. Darasa halipimwi kwa yule asomaye gazeti haraka kuliko wote. Yeye angesoma hata kama sisi tusingekuwapo. Darasa lapimwa kwa jumla. Wewe uliye nyuma ndiwe mwenye nafasi kubwa ya kuiongeza jumla hiyo, kama yule mkimbiaji wa dakika 70. Ukiacha, hutawaharakisha wenzako. Utawaachia mafiga mawili.

Nanyi mnaosoma haraka, nina neno kwenu pia. Msimcheke anayesoma silabi moja moja. Jioni moja kwa juma, kaeni naye, mshike kitabu kimoja. Afisa wa elimu na mwalimu wa darasa hawawezi kufanya kazi hiyo peke yao.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu. Baada ya kuzima redio, mwalimu aongoze maongezi kwa maswali haya:

1. Taji la timu la nusu marathoni huhesabiwaje? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Jumlisha: timu moja ina dakika 61, 64 na 66; ya pili ina 59, 65 na 69. Ipi yashinda, na kwa dakika ngapi?

3. Kwa nini Eritrea haikupata taji la timu katika miaka ambayo Zersenay Tadese alikuwa bingwa?

4. Nani katika darasa letu hajafika kwa majuma mawili? Nani atakwenda nyumbani kwake kumjulia hali, na lini?

Swali la nne lijibiwe kwa jina na siku. Mwalimu aliandike ubaoni, wala lisifutwe mpaka mtu huyo arudi. Kwaherini, na mbaki salama.