Ngwe ya Nyumbani: Kazi ya Siku Moja ni Kiasi Gani?



Biharusi akishamaliza fungate na wageni wakishaondoka, hubaki na nyumba. Kama Mungu amemjaalia uwezo, huajiri mtu wa kumsaidia kazi. Haupiti mwezi, malalamiko yanaanza: dada huyu mzito, siku inakwisha na nyumba haijakwisha, kutwa nzima amefanya nini? Mara nyingi jibu tunalitafuta kwenye tabia ya mfanyakazi. Leo tulitafute kwenye historia, na tuanzie mahali ambapo wengi wetu tunapajua kwa jina lililoandikwa kwenye gunia la mchele: Ifakara, katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

Bonde hili liko kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kuacha udongo mzuri wa mpunga. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wenzao wamelima na kuvua humo kwa vizazi. Siku hizi wamo watu wa kila kabila na kila dini. Ifakara ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki tangu 2012, na Waislamu nao wana misikiti na madrasa zao.

Mpunga ni mwalimu mkali wa wakati. Kuna muda wa kutifua, muda wa kupanda, muda wa palizi, muda wa kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua litue, kisha kuvuna, kupura, kupepeta na kutwanga. Mashamba mengi yako mbali na makazi, kwa hiyo familia huhama kwa miezi na kukaa kwenye vibanda vya shambani, mama na watoto wake wadogo wakiwemo. Mwanamke aliyelelewa katika maisha hayo hahitaji kufundishwa kuamka mapema wala kufanya kazi. Anajua pia jambo ambalo sisi wa mjini tumelisahau: kila kazi ina kiasi chake, na huwezi kupalilia na kuvuna kwa siku moja.

Wakulima wa Kiswahili walikuwa na neno la kiasi hicho: ngwe. Ngwe ni sehemu ya shamba anayopimiwa mtu alime. Neno hili ni ndugu wa ugwe, yaani kamba nyembamba, kwa sababu sehemu ile ilipimwa kwa kamba. Ukipewa ngwe yako asubuhi, unajua inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukiimaliza, umemaliza, hata kama jua bado liko juu. Hakuna anayekuuliza mbona umekaa.

Wakoloni walipokuja na mashamba makubwa, vipimo vilibadilika sura. Kazi ya kulazimishwa wakati wa Wajerumani ilikuwa moja ya sababu za vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyofika mpaka Mahenge, juu ya bonde hili. Baadaye, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kazi ilihesabiwa kwa kadi iliyoitwa kipande. Kadi ilikuwa na nafasi 30. Mtu akimaliza kazi aliyopangiwa siku hiyo, nafasi moja hutiwa alama. Zikijaa zote 30, analipwa mshahara wake. Yalikuwa maisha magumu, na hatuyasifu. Lakini hata katika mfumo ule wenye dhuluma nyingi, mkata mkonge alijua idadi ya mafungu anayodaiwa. Aliyeanza alfajiri aliweza kumaliza mapema na kurudi zake kambini.

Neno kibarua nalo lina hadithi yake. Ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, kuwa ushahidi kwamba siku yake imehesabiwa. Wakulima wa ngwe, wakata mkonge na vibarua, wote walikuwa na kitu cha kushika mkononi kinachosema kazi yao imefika hapa.

Sasa tugeukie huku kwetu visiwani, na tusione haya kuisema historia yetu. Katika karne ya 19 kazi za Unguja na Pemba zilibebwa na watumwa, wengi wao wametoka bara. Mtumwa wa shamba la karafuu, kwa desturi, aliachiwa siku mbili za wiki, Alhamisi na Ijumaa, alime kiunga chake na kujitafutia. Mtumwa wa nyumbani hakuwa na mpaka kama huo. Pengine alikula vizuri zaidi na kuvaa vizuri zaidi kuliko wa shamba, lakini alikuwa mtu wa kuitwa: usiku akiitwa yupo, alfajiri akiitwa yupo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, masuria wakaingizwa katika sheria hiyo mwaka 1909, na Tanganyika ulikomeshwa mwaka 1922. Sheria ilimfungua mtu, lakini desturi ya kuitwa wakati wowote ilibaki jikoni.

Zama za Waingereza, kazi za ndani mijini zilifanywa zaidi na wanaume: boi, mpishi na dobi. Wanawake walikuwa wachache, zaidi mayaya wa kulea watoto. Wanaume wale walijua thamani ya saa zao. Dar es Salaam wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walikuwa na chama chao hata kabla ya uhuru. Baada ya uhuru wanaume walihamia viwandani na kwenye kazi nyingine, na nafasi zao nyumbani zikachukuliwa na wasichana kutoka vijijini, wengi wao wamemaliza darasa la saba na hawakupata nafasi ya sekondari. Bonde la Kilombero nalo lilifunguka: kiwanda cha sukari mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia 1970 na kupita Ifakara na Mlimba. Safari ya kutoka kijijini kwenda mjini ikawa nyepesi.

Boi alipoondoka na msichana kuingia, jina nalo lilibadilika. Hakuitwa tena mtumishi, aliitwa dada, au binti, na akaambiwa yeye ni mtu wa nyumbani. Ni maneno mazuri, na penye mapenzi ya kweli yana baraka. Lakini yalifuta kipimo. Dada wa nyumbani hana ngwe, hana kipande, hana saa ya kumaliza. Akimaliza vyombo kuna nguo, akimaliza nguo mtoto analia, mtoto akilala mgeni amebisha hodi. Ndiyo maana siku inakwisha na nyumba haijakwisha: hakuna aliyesema nyumba inakwishia wapi.

Hebu, biharusi, chukua karatasi upige hesabu. Kufagia uwanja na kuandaa chai, saa moja na nusu. Kuosha vyombo vya asubuhi, nusu saa. Kufagia ndani, kufuta vumbi na kupiga deki vyumba vitatu na ukumbi, saa mbili. Kufua nguo za watu watano kwa mkono na kuzianika, saa mbili na nusu. Kuchambua mchele, kukuna nazi, kupika chakula cha mchana na kuosha vyombo vyake, saa tatu. Kupiga pasi, saa moja. Chakula cha usiku na vyombo vyake, saa mbili na nusu. Jumla ni saa 13, na bado hatujamgusa mtoto, hatujamtuma dukani, wala hatujampa nafasi ya kula na kuswali. Wewe mwenyewe, mwenye afya na mapenzi na nyumba yako, ungeyamaliza yote haya kila siku, mwezi mzima, bila kukunja uso?

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki, zisizozidi saa 9 kwa siku na siku 6 kwa wiki. Imeweka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, ambayo kwa anayeishi mahali pa kazi yanaweza kupunguzwa hadi saa 8. Imeweka siku moja ya kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Ajira ya 2005. Ukiweka ile hesabu ya saa 13 mbele ya saa 9, utaona kwamba mara nyingi tunamlaumu mtu mmoja kwa kushindwa kazi ya mtu mmoja na nusu.

Dini yetu ililisema hili zamani. Mafakihi wetu, wanapozungumzia ijara, wanataka kazi ijulikane au muda ujulikane, ili pasiwe na utata unaoleta ugomvi. Katika Suratul Qasas, mzee wa Madyan alipotaka kumwoza binti yake kwa Nabii Musa, alayhi salaam, alimwekea kazi ya miaka minane, na kama atatimiza kumi ni kwa hiari yake, na akamwambia hataki kumtaabisha. Tazama, dada yangu: mapatano yale yalikuwa ya ndoa na ya kazi kwa pamoja, na muda ulitajwa kabla kazi haijaanza. Cha lazima kilitengwa na cha hisani.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha tusiwakalifishe wanaotutumikia kwa kazi inayowashinda, na tukiwapa kazi nzito tuwasaidie. Na Bibi Fatima, radhi za Allah ziwe juu yake, mikono yake iliumia kwa jiwe la kusagia mpaka akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Baba yake alimfundisha yeye na mumewe tasbihi za kusoma wakati wa kulala. Kisa hiki tunakisoma kwa ajili ya zile tasbihi, na ndivyo inavyopasa. Lakini ndani yake mna funzo jingine: kazi ya nyumba ilimchosha hata bora wa wanawake. Itamchoshaje binti wa watu anayeanza alfajiri?

Basi tufanye nini? Turudishe ngwe nyumbani. Kabla ya kumwajiri mtu, kaeni chini mpatane. Kila siku ina kazi zake za lazima: chai, vyombo, kufagia, chakula. Kazi nzito zigawe kwa wiki: nguo Jumatatu na Alhamisi, vioo na mapazia Jumatano, deki ya nyumba nzima Jumamosi. Siku ya kufua, usidai na pilau ya wageni. Mgeni akija ghafla, ingia jikoni naye. Taja saa ya kumaliza, na ikifika, imefika. Akimaliza ngwe yake mapema, mwache apumzike. Ukimwongezea kazi kila akimaliza mapema, utakuwa umemfundisha kwenda polepole. Kama ni Muislamu, swala zake ziwe na nafasi. Kama ni Mkristo, Jumapili yake iwe yake. Ramadhani ipangeni upya, maana futari na daku zinageuza siku nzima.

Na wewe unayeolewa bara, ukamfuata mumeo kazini Ifakara, Mang'ula au Kidatu, jua kwamba mama anayekuja kukufulia kwa kutwa ana shamba lake. Mvua zikianza atataka kupanda, ndege wakishuka kwenye mpunga atataka kwenda kuamia, na wakati wa mavuno huenda usimwone kwa wiki kadhaa. Usiseme amekukimbia. Msimu mmoja ndio chakula cha watoto wake cha mwaka mzima. Ulizana naye mapema miezi ipi hatokuwepo, na ujipange. Vilevile, wewe uliye Unguja au Pemba na dada wa bara nyumbani kwako, anapoomba likizo usimhesabie siku tatu. Kuna boti, kuna basi, na baada ya basi kuna njia ya kwenda kijijini.

Nyumba safi ni jambo jema, na kuipenda si kosa. Lakini siku ya hesabu hatutaulizwa kama vioo viling'aa. Tutaulizwa kuhusu haki za waliokuwa chini ya mikono yetu. Mpimie mwenzio ngwe ambayo wewe mwenyewe ungeridhika kupimiwa, na mlipe kabla jasho lake halijakauka.

Allah azijaalie nyumba zetu ziwe za sakina na rehema, na awajaze kheri wote wanaotusaidia kuzitunza. Amin.

Wabillahi tawfiq.